Utafiti Wangu Umefika Darasani Kwake

Shoga, ni Jumanne, saa nane mchana, mvua inanyesha. Nimejifungia chooni ofisini.

Asubuhi niliwasilisha utafiti wangu kwa kamati ya usalama. Nilisema watoto wa wafungwa wako hatarini kuingia kwenye uhalifu, hivyo wapewe walimu na washauri mapema. Walimu na washauri. Hao tu.

Mkuu wa polisi akatabasamu. "Mtaalamu, hayo bibi yangu aliyasema bila digrii. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

"Afande, sivyo nilivyosema."

"Umesema wako hatarini. Basi tutachukua alama zao za vidole na kufuatilia nyendo zao. Tunaanza leo, shuleni kwao."

Kamati nzima ikaafiki. Kisha wakanishukuru. Shoga, wakanishukuru.

Unajua kaka yangu yumo gerezani, na binti yake namlea mimi. Ana miaka kumi na mmoja. Sasa hivi yuko darasani.

Mkuu wa polisi ametuma magari mawili. Mwenyekiti wa kamati ameagiza chai. Mwalimu mkuu amewafungulia geti. Binti ameazima simu ya mwalimu wake, akaniuliza taratibu, "Shangazi, polisi wanasema wewe ndiye uliyewatuma. Ni kweli?"

Mimi nimekata simu.