Sentensi Iliyotoweka Saa Sita

3 Machi

Mwanangu mwalimu,

Hujambo? Mimi mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Nasikia umeliweka gazeti langu kwenye skrini ya darasa, watoto wanatafuta linampendelea nani. Katika magazeti yote, la baba yako? Nani amekutuma? Usinizunguke, nimekuwa mhariri miaka thelathini.

Baba yako

7 Machi

Shikamoo baba,

Pole na mgongo. Hakuna aliyenituma. Tulilinganisha magazeti matatu kuhusu lile ghorofa lililoanguka. Kuna tovuti inayohifadhi kurasa za mtandaoni jinsi zilivyokuwa kila saa. Kwenye ukurasa wenu, asubuhi paliandikwa kwamba mhandisi alimwonya mwenye jengo mara mbili. Saa sita mchana sentensi hiyo haipo. Wanafunzi wanauliza nani aliikata. Nami nauliza, maana mhandisi huyo yuko rumande kwa uzembe.

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mitambo hukosea, na vijana wa zamu wana mikono myepesi. Siku hiyo sikuwapo ofisini. Futa somo hilo kabla mkuu wako wa shule hajaitwa mahali. Barua hii usimwonyeshe mtu.

Baba

28 Machi

Mwanangu,

Habari za siku? Hujibu barua, simu hupokei. Siku hizi hata muuza magazeti naona ananiangalia vibaya.

Ni mimi niliyeikata. Mwenye jengo alinipigia, na ndiye anayetupa matangazo mengi. Nikajiambia, sentensi moja tu. Leo nimempelekea wakili wa mhandisi habari ile ya asubuhi pamoja na maelezo yangu, nimetia sahihi. Ofisini wameniambia nisirudi. Naona aibu, mwanangu. Ila niambie ukweli: ulipouliza nani aliikata, ulikuwa hujui?

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo baba,

Nimelia, lakini sijambo. Nilijua. Mahali pa ile sentensi paliwekwa nyingine: “Suala hilo linafuatiliwa kwa karibu.” Ndivyo ulivyokuwa ukimjibu mama kila alipouliza ulikuwa wapi.

Nimekusamehe. Tatizo sasa ni mimi. Siku ile wanafunzi waliniuliza kama namfahamu mhariri wa gazeti hilo. Nikawaambia simfahamu. Kesho nina kipindi nao, na sijui nianzie wapi.

Binti yako