Barabara ya Migodi Iliyofungwa

Mama yangu,

Asalaam aleikum kutoka huku Ufaransa kwenye baridi. Natumaini barua hii inakukuta umeketi kwenye kiti chako cha mlangoni, goti limetulia, na moshi wa volkano haukukoholeshi kama mwezi uliopita. Je, maji yamerudi Mabanga, au bado mnashuka ziwani na vidumu? Na jirani muuza makaa, bado anakung'utia vumbi mbele ya mlango wako kisha anakusalimia kwa heshima? Mimi ni mzima, alhamdulilahi, isipokuwa bega. Nitakueleza.

Zawadi, wifi yangu, wewe ndiye msomaji wa nyumba hiyo na najua unasoma haraka ili upate kwenda sokoni. Leo soma polepole, wala usiruke mstari. Mama hajui herufi lakini anazijua kurasa, akiona umegeuza mapema atakuuliza.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Kila nikitaja jina la kaka yangu Selemani na lile neno linalofuata, Mama, unaniambia, "Rezo ya simu ni mubaya, binti yangu, sikusikie," halafu unakata. Nikipiga tena unanisimulia bei ya maharagi. Basi nimeandika, na barua nitampa mtu anayepitia Kigali, atavuka Gisenyi akuletee mkononi.

Kwanza bega. Nilianguka kwenye baiskeli. Nakusikia kutoka huku: mwanamke Mwislamu, wa ukoo wa Maniema, juu ya velo. Navaa suruali ndefu, Mama, na kitambaa kichwani chini ya kofia ngumu, hakuna anayeniona isipokuwa ng'ombe. Nyumba ya wazee ninamofanya kazi iko katikati ya mashamba na basi linapita linapojisikia, kwa hiyo nilijifunza. Nilijifunza upesi hata wakashangaa. Sikuwaambia kwamba nilikwisha kuteremka kutoka Kibumba juu ya magunia ya viazi, nyuma ya Selemani, kwenye chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, yeye amekanyagia gurudumu kile kipande cha mpira na anacheka kwa sababu ninalia.

Mpishi wetu, Odette, mama mmoja mwenye mdomo kama shangazi wa Katindo, aliniingiza katika kikundi chao cha wanawake wanaoendesha kila Jumapili. Wana baiskeli nyembamba ninazoogopa hata kuzigusa, mimi na yangu nzito nyuma. Siku ya kwanza mmoja aliniuliza kama kwetu kuna barabara. Nikamwambia tulikuwa nazo, volkano ikazifunika. Alicheka, akidhani ni mzaha.

Nchi yenyewe, Mama, ni nchi ya migodi. Walichimba makaa ya mawe humu vizazi na vizazi, kisha wakafunga. Uchafu waliotoa chini umebaki vilima vyeusi vyenye ncha, na juu yake miti imeota, watu wanapanda kutembea na mbwa. Nilipoviona mara ya kwanza nilisimamisha baiskeli, nikadhani nimeiona volkano yetu Nyiragongo imezaa. Na kati ya vilima hivyo vita vilipita, vile vya mababu zao. Kila tukipinda kona kuna makaburi ya askari, mawe meupe kwa mistari, nyasi zimekatwa vizuri kuliko nywele za bwana harusi. Wanawake wa kikundi huketi kwenye ukuta wa makaburi hayo na kula mkate wao. Mawe mengi hayana jina. Waliokota mwili, hawakujua ni nani, wakauzika hivyo hivyo na kuutunza. Wale wana mwili, wamekosa jina. Sisi tuna jina, na unalifunika kwa kitenge kila jioni pamoja na chukudu yake sebuleni.

Hapo, karibu na kijiji cha Odette, ndipo nilipoanguka, kwenye mteremko wa mawe. Nilikuwa naachia breki, upepo masikioni, nikamsikia Selemani akicheka. Nasema kweli, nilimsikia. Nikageuza kichwa kumtazama. Walinikuta mtaroni, bega limechomoka, nalia kwa sauti kama mtoto, na si kwa ajili ya bega. Nilimpenda kaka yangu, Mama. Usifikiri kwamba kwa kuwa uliumwa uchungu wa kumzaa, uchungu mwingine wote ni wako.

Odette alikaa nami ukutani tukisubiri gari. Ulikuwa ukuta wa mgodi, una majina ya watu waliofia chini. Akaweka kidole juu ya jina moja, la babu yake. Moto ulitokea chini, wenye mgodi wakaziba shimo na watu wamo ndani. Bibi yake hakukubali. Akawa anakwenda getini kila asubuhi na mkate wa mume wake, na mlinzi wa geti anaupokea na kumwambia, "Nitampatia akipanda juu." Alikwenda hivyo mpaka mvua zikaisha. Siku moja akarudi nyuma kwa kuwa alisahau kitambaa, akamkuta yule mlinzi amekaa na mkate mdomoni.

"Bibi akafanya nini?" nikamuuliza.

"Akarudi nyumbani akavaa nyeusi," akasema Odette. "Alisema hakumchukia mlinzi. Alijichukia yeye, kwa kuwa siku zote alikuwa akijua."

Mama, nani anakula sahani ya Selemani?

Nitasema mimi, Zawadi, wewe soma tu. Ni yule Muzee Kalenga, anayejiita dereva na ambaye hakuna aliyewahi kuona gari lake. Anakuja akiwa na njaa, anakaa kwenye mkeka wa baba, anakwambia, "Mama, nilimuona na macho yangu. Iko Walikale. Alikonda kidogo, lakini iko muzima." Na wewe unamchinjia kuku. Mara ya pili alikuwa Shabunda. Mara ya tatu eti amefuga ndevu. Na kila mara Zawadi ndiye anayewasha moto, anayemnawisha mikono na kusikiliza habari za mume wake kutoka kwenye kinywa kilichojaa nyama aliyoipika yeye.

Lakini Djuma, aliyeingia na Selemani kwenye shimo la mgodi kule Masisi, alipokuja na miguu imefungwa matambara, hukumpa hata mkeka. Shangazi alikuwepo, amenisimulia. Djuma alisimama mlangoni akasema, "Mama, Selemani alikuwa mbele yangu mu shimo. Mulima ikatuangukia. Miye banifukua. Yeye hapana, bakaacha, udongo ilikuwa mingi." Ukamnyang'anya kikombe cha maji alichokuwa anakunywa, ukakimwaga chini. "Toka," ukamwambia. "Weye ndiye ulimuuza mutoto yangu."

Mkweli ulimfukuza na kiu, mwongo unamshindilia wali.

Ningekuacha na kuku wako, Mama, kama ungekula tumaini hilo peke yako. Lakini umemkalisha na mwingine mezani. Yule mshonaji wa Katoyi alipomtuma mjomba wake kwa adabu kumposa Zawadi, ulinipigia wewe mwenyewe, siku hiyo rezo ilikuwa nzuri sana, ukanisimulia kwa furaha jinsi ulivyomtoa mzee wa watu na sufuria ya maji ya moto. "Muke ya mutu haolewe," ulisema. Nikakuuliza kama Zawadi amekaa eda. Ukasema, "Eda ya nani? Mayiti iko wapi?" Zawadi si mke, kwa sababu hana mume. Si mjane, kwa sababu hukumruhusu. Anakubebea maji, anakusugua goti, anakusomea barua zangu, na nywele zinamtoka kwa mawazo. Na Zawadi hakunituma. Hajawahi kuniambia neno baya juu yako, usije ukamnyima chakula leo jioni kwa sababu yangu.

Nilikwenda kwa imamu wa huku. Msikiti wao ulijengwa na Wamoroko walioletwa kuchimba makaa haya haya, wazee wao wengi wamekufa vifua vimejaa vumbi, kwa hiyo habari ya shimo haikuhitaji maelezo mengi. Nilimpigia Djuma mbele yake, akaapa, akasimulia yote tena, na mimi nikawa natafsiri kila neno. Hebu fikiri, Mama. Nilimfukia kaka yangu kwa lugha mbili.

Nikamwomba imamu aniambie lini Zawadi aanze kukaa eda. Akatikisa kichwa. Eda, alisema, huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, siyo tangu siku mama yake atakapokubali. Ilianza siku mlima ulipoanguka. Ikaenda yenyewe, siku baada ya siku, huku unamtuma sokoni, huku anampepea Kalenga nzi, ikaisha, na hakuna aliyemwambia. Zawadi yuko huru zamani. Amekuwa akiishi kwako kama mgeni na hakujua.

Ijumaa baada ya sala walimswalia. Watu nisiowajua, wamejaa mistari, wamemsimamia Selemani mwana wa Hadija wa Mabanga, sala ya maiti asiyekuwepo. Mimi nilikuwa nyuma na mkono umefungwa shingoni. Imekwisha, Mama, huwezi kuirudisha. Ukitaka kusema kwamba nimemuua mwanao, sema kwamba nilimuua Ijumaa ile, na watu wote wakaitika amina. Nichukie mimi. Mimi niko mbali, chuki yako itachoka njiani.

Chukudu itoe sebuleni. Mpe Djuma, miguu yake haitambeba tena shimoni lakini itasukuma magunia. Mbao zikikaa bure zinaliwa na wadudu.

Nisalimie Shangazi Mwajuma wa Katindo, dada wa marehemu baba, na umwambie mdomo wake nimempata mwenzake Ufaransa. Nisalimie Mjomba Ramazani, dereva wa kweli. Nisalimie Djuma, rafiki wa kaka, akija umpe maji na umwache amalize. Muzee Kalenga usimsalimie, ila akija mwambie akuletee Selemani mwenyewe, kuku atamkuta.

Na wa mwisho. Kila barua nimekuwa nikimaliza na salamu kwa Zawadi, mke wa Selemani, na yeye anakusomea, na wewe unaitika. Leo naandika hivi: nisalimie Zawadi, mjane wa Selemani.

Zawadi, Mama atasema hakusikia. Msomee tena.

Binti yako,
Amina