Mia ishirini kwa themanini

Shoga, nimefeli mtihani wa vitendo. Usinipigie, nalia.

Nimepewa mama mgonjwa nimpime presha. Nikamfunga kipimo mkononi, nikapampu, nikasema mia ishirini kwa themanini. Mshale sikuutazama hata kidogo. Nimesema tu.

Si unakijua kile kipimo kibovu cha chuoni? Miaka mitatu mwalimu anatuambia, "Jifanyeni mmesoma mia ishirini kwa themanini." Bora wewe ulihama.

Msimamizi akapima mwenyewe. Mia tisini na tano kwa mia na kumi. Akaniuliza nasoma chuo gani, nikamtajia. Akafunga faili. "Basi, nenda."

Mgonjwa ndiye kanipa pole.

Sasa nimekaa nje, chini ya dirisha. Wenzetu wanaingia mmoja mmoja. Huyu wa nne, namsikia: mia ishirini kwa themanini.