Mjomba, Seli Hazipumziki

Mapokezi ya Maabara,
Ghorofa ya chini.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokusumbua wakati wa baridi umetulia. Mkaza mjomba hajambo? Watoto hawajambo? Mimi ni mzima, ila nina hasira, na hasira hiyo ni juu yako. Sentensi hii nimeifuta na kuiandika upya mara kadhaa, nayo imebaki vilevile.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu ungeniita mtoto, nami ningenyamaza kama kawaida yangu.

Mama alianguka jikoni Jumanne ya wiki iliyopita. Fundi cherehani wa chumba cha mbele alinisaidia kumbeba hadi barabarani. Mama alikuwa akihema kama aliyepanda ngazi mbio, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hospitalini walimtundikia dripu, na kwa siku tatu hatukujua kama atarudi nyumbani.

Alipopata nafuu, muuguzi alimuuliza nani kamwambia aache sindano za insulini.

"Kaka yangu."

"Kaka yako ni daktari?"

"Ni kaka yangu," mama akasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Kwake ni jibu, Mjomba. Ulimwambia kwamba sindano inazichosha seli, na kwamba zikipumzishwa zitajitengeneza zenyewe. Siku hiyohiyo alizitoa chupa za dawa kwenye friji na kuziweka juu ya kabati, chini ya bati lenye joto, na mahali pake akaweka maziwa. Nilipombishia alicheka. "Tangu lini karani akawa daktari? Kupokea vikopo vya mikojo ya watu kumekupa digrii?" Kisha akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yeye amelisikia la mkuu, na sasa ni guu hilohilo ambalo daktari wa zahanati analifungua bandeji kila asubuhi, kwa sababu kidonda kidogo cha kidole kimekataa kupona.

Kweli, mimi ni karani tu. Nabandika namba kwenye vikopo. Lakini ni wewe uliyeninunulia kitabu changu cha kwanza cha baiolojia, na mimi nilikisoma. Najiuliza kama wewe ulikifungua kabla ya kunipa.

Wiki hii nilimwomba mtaalamu wetu wa maabara anionyeshe. Alinipangusa ndani ya shavu kwa kijiti, akaupaka ule ute kwenye kioo, akadondoshea tone la rangi ya buluu, akanipisha kwenye hadubini. Seli zangu zilikuwa zimetawanyika pale kama mayai ya kukaanga, kila moja na kiini chake katikati. Katika kiini ndimo yanamotunzwa maagizo ya kazi zote za seli. Kukizunguka kuna ute mzito, na humo mna vijitanuri vidogo ambavyo hadubini yetu haiwezi kuvionyesha, viitwavyo mitokondria. Hivyo huchoma sukari kwa msaada wa oksijeni, na hapo ndipo tunapopata nguvu ya kunyanyua hata kijiko.

Nje kabisa kuna utando mwembamba, na huo si mfuko wa kufungia tu. Unachagua kipi kiingie na kipi kitoke. Katika misuli, milango mingi ya sukari hukaa imefichwa ndani ya seli hadi insulini ije kugusa utando kwa nje. Mwili wa mama hautengenezi insulini tena. Asipojidunga, damu yake inajaa sukari huku seli za misuli zinakufa njaa. Ni kama kumfungia mtu nje ya ghala lililojaa, halafu ukampigia simu kumwambia apumzike.

Na hakuna seli inayopumzika, Mjomba. Hata sasa unaposoma, hata ukilala, kila seli yako inasukuma chumvi nje, inajenga, inabomoa, inatupa taka. Ikiacha kazi hizo zote haijapumzika. Imekufa. Hayo ndiyo uliyomtakia dada yako kwa ulimi mtamu, na wewe uko mbali, hukumsikia akihema.

Juzi aliruhusiwa kurudi nyumbani na chupa mpya. Alikataa tena kujidunga. Alisema kaka yake hajabadili neno. Nililia mbele yake, haikusaidia. Basi nikatoka nje, nikakaa kidogo, nikarudi na kumwambia umenipigia.

"Amesemaje?"

Nikakohoa kama unavyokohoa wewe. "Amesema, mwambie dada achome sindano yake na asinibishie."

Alitabasamu. "Ndiye huyo," akasema, akapandisha blauzi na kujidunga. Tangu siku hiyo hajaruka hata sindano moja.

Nimekuwekea maneno mdomoni bila ruhusa. Naogopa sana ninapoandika haya, kwa sababu hakuna mtu katika ukoo huu aliyewahi kufanya hivyo. Sikuombi msamaha. Ukipenda, mwambie hukusema lolote, mpwa wako ni mwongo. Atakuamini wewe. Ila usimwambie hivyo kabla hujapanga siku ya kuja kumzika.

Msalimie mkaza mjomba, na binamu yangu Mrefu, na yule mdogo mwenye maswali mengi. Fundi cherehani anakusalimu ingawa hakujui. Mungu akulinde huko uliko na akupe moyo wa kukiri kosa, kwani naamini moyo huo unao.

Mama hakutumi salamu kwa barua hii, maana hajui kwamba nimeiandika. Nimemwambia utampigia mwenyewe Jumapili ijayo, baada ya chakula cha mchana, kumuuliza kama anatii.

Mpwa wako, anayekupenda hata leo.