Kiti cha Mbele

Mama yangu mpendwa,

Kile kiti cha mbele bado kipo ukumbini. Unakikumbuka, chenye mto mwekundu, cha Mzee Salum, aliyetununulia fidla, udi na hata magauni yako ya kuimbia kwa fedha za minazi yake ya Pangani. Kikundi chetu cha taarabu hakikupiga wimbo kabla hajakikalia. Watu wakinung'unika, nawe unaninong'oneza nyuma ya pazia, "Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Mngoje."

Harusi ya Tongoni ulishindwa kungoja. Bibi harusi alikwisha kutolewa, ukaanza kuimba. Mzee alipofika alisimama mlangoni, akageuka akaenda zake, na vyombo vyetu vikafungiwa stoo kwake. Ukaenda kumwomba radhi na sinia la vitumbua. Ulirudi unacheka, macho mekundu. Mimi sijacheka mpaka leo.

Marehemu simsemi vibaya. Bila yeye Tanga isingeijua sauti yako, nami ningekuwa nabeba magunia bandarini. Lakini kiti amekirithi mwanawe, Nassor. Huyu hataki fidla, anataka kinanda, na jina la duka lake litajwe katika kila wimbo. Tukikataa, vyombo ni vya baba yake. Nimechoka kubembeleza, mama. Nimechoka hasa.

Jumamosi ukumbi ulijaa, tukamngoja. Hakuja, na simu hapokei. Kinamama wakaanza kujifunga mitandio waondoke. Shoga yako, Bi Mwanaidi, akanipigia kelele: "We mtoto wa Rukia! Twangoja nani, maiti afufuke?"

Magoti yananiuma siku hizi. Nikashuka jukwaani na fidla yangu, nikakaa kwenye kile kiti, nikaanza wimbo wako wa Tongoni. Kisha ukumbi mzima ukaitikia, na Bi Mwanaidi akaja kunitunza huku analia.

Leo asubuhi Nassor ameleta gari. Vyombo vimekwenda, na fidla yangu pia. Kiti wamekiacha, dereva kasema kibovu, mguu mmoja mfupi. Kumbe miaka yote ile mzee alikuwa akiyumba mbele yetu, na sisi tunamwogopa.

Nimekisogeza nyuma pamoja na vingine, atakayewahi akikalie. Jumamosi tutaimba kwa makofi, saa ileile tuliyowatangazia watu.

Pumzika kwa amani, mama.

Mwanao, wa mikono mitupu