Supu ya Malkia

Jumapili, Malvern

Tamthilia ya Kichina ninayoitazama na Mama ina mavazi mazuri, sikatai. Mjakazi alipochapwa makofi mpaka akatema jino, shavu langu mwenyewe liliuma. Kinachoniudhi ni kwamba kila muuaji lazima alie.

Leo suria alimtilia malkia sumu kwenye supu, kisha akaangua kilio kando ya kitanda cha malkia. Nikasema hapo wameharibu.

"Wameharibu kweli," alisema Mama. "Pale mtu halii. Unakaa karibu, unamfuta mdomo, unasubiri."

Mama aliolewa mke wa pili, Tanga. Mke mwenzake, Bi Mkubwa, alikufa kwa tumbo kabla sijazaliwa.

Jioni Mama alinipakulia supu, akaonja kijiko cha kwanza mbele yangu, kama kawaida yake. Miaka yote nilidhani ni adabu.