Taa za Barazani kwa Ajili ya Popo Mdogo

Dwayne mwanangu,

Supu ya maboga iko jikoni. Mabawa ya popo ya binti yako Odette, ya kuvaa leo usiku akigonga milango kuomba peremende, nimeyashona, yako kitini. Usiyakalie kama mwaka jana.

Asante kwa hotuba ya asubuhi. “Mama, mtaa wetu umekufa, Halloween tunampeleka kwenye majumba makubwa, kule wanagawa chokoleti nzima nzima.” Sawa, bwana mkubwa. Kitendawili: mtaa gani una watoto kumi na mmoja na haugongwi mlango hata mmoja? Huu wetu, kila baba kapakia wake garini. Mwaka jana nilikaa barazani na bakuli la peremende, nikaishia kuzila mwenyewe kwa meno haya ya bandia.

~~Nendeni tu, mimi nitalala mapema.~~

Silali ng'o. Asubuhi hii nimegonga milango mwenyewe. Nyumba tisa zitawasha taa ya barazani saa kumi na mbili jioni, watoto wajue wanakaribishwa. Hata mzee Kowalczyk, ambaye hajaiwasha yake tangu mkewe afariki. Ameniuliza mara mbili kama popo atafika kweli.

Nimekwenda kununua peremende. Ukitaka majumba yako, pita kwanza kwa mzee umwambie wewe kwamba popo haji. Hutaki? Balbu mpya hii hapa mezani, taa yetu imeungua.

Mama yako, bibi wa popo